Shokapu za pikipiki Dar: zimekufa, zimechoka, au kweli hazikutoshi?

"Fundi, nifungie shokapu za gesi, hizi za kiwandani hazifai." Sentensi hiyo inasikika kila gereji, kuanzia Mbagala hadi Bunju. Ukimuuliza mwenye pikipiki anasikia nini barabarani, mmoja atasema nyuma inagonga, mwingine mbele inadunda, wa tatu kiuno kinamkaba kila jioni. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na kwa sehemu kubwa yanaisha bila kununua shokapu ya bei mbaya.

Maelezo haya ni ya pikipiki za kila siku za cc 100 hadi 150: Boxer, TVS, Honda na ndugu zao wa Kichina, zenye shokapu mbili nyuma na mbili za bomba mbele. Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotajwa kwanza ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo pita kwa mpangilio, usirukie ya mwisho kwa sababu ndiyo inayouzwa dukani.

Kabla ya kushika spana

Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi. Pikipiki nyingi za ukubwa huu zinataka karibu PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 hivi ukiwa na abiria. Namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Vijana wengi wa kujaza upepo wakiona boda wanapeleka hadi 40 bila kuuliza, na madereva wenyewe wanaipenda kwa kuamini tairi ngumu haipati pancha. Tairi ya hivyo inakuletea kila kokoto mgongoni, halafu lawama inaangukia shokapu.

Cha pili ni cheni. Hapa wengi hawatarajii. Gurudumu la nyuma linapopanda, umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka, na cheni inakazika. Kama uliikaza pikipiki ikiwa haina mtu juu, ukipakia abiria haina tena pa kwenda: inashikilia gurudumu lisipande, na beringi za gia boksi zinaumia kimyakimya. Iache icheze sentimita 2 hadi 3 katikati, kisha mkae wewe na abiria, mtu wa tatu aiguse. Ikiwa imekaza kama waya wa gitaa, legeza.

Cha tatu, jaribio la mkono. Kamata breki ya mbele, gandamiza usukani kwa uzito wako, uachie. Mbele inatakiwa ipande na kutulia, labda na mchezo mdogo mmoja. Fanya vilevile kwenye siti ya nyuma. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, soma sehemu ya kudunda. Ikishuka kwa kusitasita au kwa mlio wa kusaga, soma sehemu ya ugumu.

Dalili: nyuma inagonga ukipita tuta au shimo

Hii ndiyo kubwa. Unapanda tuta la Kinyerezi na mama mmoja na ndoo yake, unashuka upande wa pili, na chini panalia "ko!" chuma kwa chuma.

Sababu ya kwanza ni uzito, na hesabu yake haina siri. Watu wazima wawili wa kilo 75 ni kilo 150 kabla hujahesabu begi. Pikipiki nyingi za daraja hili mwisho wake uko karibu na hapo. Tazama kwenye kitabu. Ukipiga mshikaki wa watatu umefika 225, mbali na kwamba ni kosa kisheria, na hakuna shokapu ya Kariakoo itakayokuokoa. Ukifanikiwa kuizuia isigonge, mzigo unahamia kwenye spoki, rimu na fremu.

Ya pili ni namba za springi. Chini ya springi ya shokapu ya nyuma kuna kikombe chenye ngazi, mara nyingi tano, kinachozungushwa kwa ile spana yenye ndoano inayokuja na pikipiki mpya na kupotea wiki ya kwanza. Pikipiki nyingi hubaki kwenye namba ya kiwandani hadi zinauzwa mkononi. Ukibeba abiria muda wote, panda hadi ya nne au ya tano, pande zote mbili namba moja. Kushoto ikiwa tatu na kulia tano, mkono wa nyuma (chuma kinachoshikilia gurudumu la nyuma) unajipinda kila ukipita shimo.

Lakini elewa unachofanya. Kupandisha namba hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kunainua tu mahali pikipiki inapoanzia, ili ibaki na nafasi ya kushuka. Springi ni ile ile. Ndiyo maana kuna watu wamefika namba ya mwisho na bado wanagonga, halafu wakiwa peke yao pikipiki inawarusha.

Sasa pima, usikisie. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Kwa futi ya fundi nguo, pima kutoka nati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama ya kalamu utakayoiweka kwenye fremu chini ya siti. Andika. Shusha pikipiki, kaeni wewe na abiria wa kawaida, miguu juu, mwenzenu apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo nafasi iliyokwisha kuliwa kabla hujakutana na shimo hata moja. Kwa gurudumu lenye safari ya sentimita 10, inatakiwa iwe 2.5 hadi 3.5. Ukiwa peke yako unapata 3, na mkiwa wawili unapata 4.5 hata kwenye namba ya mwisho? Shokapu yako ni nzima. Kazi unayoifanya ndiyo imeizidi. Ukiwa peke yako tu, katika namba ya kati, na tayari imefika 4.5, springi zimelala, au una mwili kuliko yule kiwanda kilichomfikiria.

Ya tatu, tazama fimbo ya katikati ya shokapu. Karibu na juu kuna kipande cha raba kinachopokea pigo la mwisho. Baada ya mwaka wa joto na vumbi raba hiyo huchanika na kudondoka, na mlio unaousikia ni wa chuma kilichokosa mto. Wakati mwingine raba mpya ndiyo dawa yote.

Ya nne ni mafuta kuvuja, na hiyo huja na kudunda. Ya mwisho kabisa ni springi kuwa nyepesi kwa kazi yako. Hapo tu ndipo neno "kubadilisha" linapoanza kuwa na maana.

Simama, usiendelee: ukiona fimbo ya shokapu imepinda, jicho la kufungia lina ufa, au tairi imeanza kukwangua madigadi. Usimwite mwenye mashine ya kuchomelea aliunge jicho la shokapu pale kijiweni. Jicho lililochomelewa likikatika na abiria juu, gurudumu linaegemea upande mmoja ghafla, na hujui litakuwa wapi hapo: kijiweni au katikati ya Barabara ya Mandela kati ya malori mawili.

Dalili: inadunda, haitulii

Springi kazi yake ni kubeba. Mafuta ndani ya shokapu, yakipita kwenye vitundu vidogo, ndiyo yanayoituliza. Pikipiki inayodunda imepoteza hiyo ya pili.

Nyuma, pitisha kidole chini ya springi kwenye mwili wa shokapu. Ukikuta unyevu wenye vumbi lililoganda, imevuja. Shokapu za nyuma za pikipiki hizi zimefungwa moja kwa moja, hazikutengenezwa kufunguliwa. Kuna mafundi wanaotoboa, wanaingiza mafuta, wanaziba kwa kuchomelea. Inakaa wiki mbili. Zile zenye gesi ni hatari zaidi, kwa kuwa kuna mgandamizo ndani: usiitoboe, usiipashe moto, usimruhusu mtu afanye hivyo mbele yako. Nunua mpya, tena mbili. Ukibadilisha moja, ile nzee na mpya zitavutana.

Mbele, sababu ya kwanza ni mafuta yaliyozeeka, kwa sababu hakuna anayeyabadilisha. Watu wanajua tarehe ya oili ya injini kwa kichwa, lakini mafuta ya shokapu za mbele hubaki yale ya kiwandani mpaka yamwagike yenyewe. Dereva anayekimbia kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, amefika 30,000. Mafuta hapo hutoka meusi, yanang'aa unga wa chuma, yananuka. Ukiwa umevuka maji ya Jangwani kipindi cha masika, yanaweza kutoka rangi ya chai ya maziwa. Hayo yana maji ndani.

Kubadilisha si kazi ngumu, ila ina sehemu moja ya hatari: kifuniko cha juu cha bomba kinasukumwa na springi. Kikifunguliwa uso ukiwa juu yake kinaweza kukutoa jicho. Inua mbele kwanza gurudumu lisibebe uzito, kaa pembeni, bonyeza kwa nguvu unapomalizia kukifungua. Tumia mafuta ya shokapu, mara nyingi ya 10W, kwa kipimo cha kitabu, kila mguu sawasawa hadi mililita. Hapa chupa ya kupimia dawa ya mtoto ina kazi kuliko jicho la fundi yeyote.

Oili ya injini, hapana. Ni nzito mno, inatoa povu, na ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya ugumu utakayoyasoma chini. Kujaza kupita kipimo nako ni kubaya: juu ya mafuta lazima ibaki hewa ya kugandamizwa. Ukiimaliza, mafuta yanatafuta njia, na njia rahisi ni sili, ile raba inayoyazuia yasitoke.

Kama kudunda kunatokea kwenye mwendo fulani tu, tuseme 50, na chini au juu yake kunatulia, achana na shokapu. Zungusha gurudumu hewani ukitazama rimu na tairi. Spoki zimelegea, au tairi imevimba upande mmoja.

Dalili: ngumu, mgongo unauma

Upepo na cheni ulishavimaliza. Kinachofuata ni namba za springi zilizopandishwa kwa ajili ya abiria na kusahaulika siku za kutembea peke yako. Baada ya hapo bushi. Kwenye macho ya shokapu na kwenye ekseli ya mkono wa nyuma kuna bushi, pete za ndani ya maungio, zinazohitaji kuzunguka bila kukwama. Chumvi ya bahari ya Kigamboni na Kunduchi, pamoja na presha ya maji ya kuoshea, hukausha grisi na kuzigandisha. Toa shokapu zote mbili, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, kisha inua na shusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likipanda kwa kukwama, tatizo umelipata. Grisi na bushi mpya ni pesa ya kawaida.

Mbele, ugumu unaotokea zaidi kwenye rasta (vile vituta vidogo vinavyofuatana barabarani) kuliko kwenye matuta ni dalili ya mafuta mazito. Rasta zinapiga harakaharaka, mafuta mazito hayawahi kupita kwenye vitundu, na mkono unachoka. Kumbuka hili kabla ya kumkubalia fundi anayekwambia "tuweke nzito iwe imara".

Ikiwa pikipiki iliwahi kuanguka au kugonga, na mbele sasa inashuka kwa kusita, mabomba yamepinda au yamekaa vibaya kwenye mashikio yake. Legeza ekseli na mashikio ya chini, gandamiza mara kadhaa yajipange, kaza tena. Ikibaki vilevile, peleka kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia unyofu. Kunyoosha bomba kwa nyundo na kipande cha mti ni kupoteza kromu na kuliacha na udhaifu usiouona.

Dalili: mafuta yanatiririka kwenye shokapu ya mbele

Usikimbilie sili. Mara nyingi ni mchanga umeingia chini ya kifuniko cha vumbi na kuinua mdomo wa sili. Inua kifuniko hicho taratibu kwa bisibisi bapa uliyoizungushia tepu, safisha, halafu kata kipande cha plastiki laini kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa, upana wa kidole, kona moja uiache na kindoano kidogo. Kiingize kati ya bomba na sili, zungusha bomba zima, kitoe. Kitarudi na mstari mweusi wa mchanga. Rudia hadi kitoke safi, futa bomba, tembea siku mbili uone.

Likivuja tena, pitisha ukucha kwenye kromu sehemu sili inapopita. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha kutu, sili mpya itachanika ndani ya wiki chache. Vishimo vidogo husuguliwa kwa msasa laini sana wenye maji. Vikubwa vinataka bomba jipya. Kromu ikiwa laini, badilisha sili za pande zote mbili, pamoja na mafuta.

Mafuta yakifika kwenye diski au pedi za breki, paki hapo hapo. Pedi zilizolowa hazisafishwi kwa petroli zikapona. Zinabadilishwa.

Dalili: usukani unatikisika, au mbele pana "tak" ukifunga breki

Hapa watu hununua shokapu bure kuliko mahali pengine popote. Sababu ya kwanza ni beringi za shingo ya usukani. Gurudumu la mbele likiwa hewani, shika miguu ya shokapu chini, vuta na sukuma. Ukisikia mchezo, zimelegea. Zungusha usukani polepole kushoto kwenda kulia. Ukihisi unanasa katikati, zimeshachimbika, na kukaza hakutasaidia.

Halafu shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise: beringi za gurudumu. La nyuma lisukume kulia na kushoto: bushi za mkono wa nyuma. Mwishoni tazama tairi zilivyolika.

Usukani ukianza kucheza wenyewe kwenye mwendo, usifunge breki ya mbele kwa nguvu. Achia mkono wa mafuta taratibu, punguza, toka pembeni. Pikipiki hiyo haipandwi tena mpaka fundi ameiangalia, na ukiona ufa popote karibu na shingo ya fremu, hata hadi gereji isukumwe kwa mkono.

Sasa, ubadilishe au la?

Upepo sawa, cheni sawa, bushi hazijaganda, mafuta mapya mbele, hakuna kinachovuja, na umepima kwa futi. Wengi wakifika hapa hawana tena hamu ya kununua. Kwa anayetoka Tegeta kwenda Posta peke yake kwa lami, jozi mpya ya kawaida ya nyuma na mafuta mapya mbele inatosha kabisa; pesa inayobaki ningeiweka kwenye tairi nzuri, ambazo zitamsaidia siku ya mvua kuliko shokapu yoyote ya dhahabu.

Anayehitaji kupanda daraja ni yule ambaye vipimo vimemwambia: abiria kila siku, au mitungi ya gesi na kreti, kwenye barabara za ndani za Kivule, Chanika au Goba, na namba ya mwisho bado haitoshi. Yeye atafute springi nzito zaidi kwanza, si shokapu zenye chupa ya gesi ya rangi pembeni. Kwenye shokapu za bei nafuu chupa hiyo mara nyingi ni pambo, haina kitu ndani. Na ajue kwamba springi nzito juu ya shokapu ile ile ya zamani inarusha zaidi, maana mafuta yaliyopangiwa springi nyepesi hayaimudu kurudi. Jozi kamili iliyotengenezwa kwa mzigo ni bora kuliko springi peke yake.

Dukani nenda na shokapu yako ya zamani mkononi. Linganisha urefu kutoka jicho hadi jicho, upana wa bushi, na unene wa springi, isije ikagusa cheni au ekzosi. Muuzaji akikwambia "hii ndefu kidogo tu, itainua", kataa. Sentimita 2 za ziada nyuma zinalaza shingo mbele na kuufanya usukani mwepesi kupita kiasi. Stendi ndogo inaegemeza pikipiki hadi karibu idondoke, cheni inabadilisha pembe, na mwenye miguu mifupi hafikii chini kwenye foleni. Kuongeza shokapu ya tatu na ya nne kwa kuchomelea mabano kwenye fremu kunaonekana mjini, na kunaonekana pia fremu zilizopasuka pale pale palipochomelewa.

Mbele, usiguse springi kama mafuta mapya hayajajaribiwa kwanza. Vuta mpira mmoja wa kufungia noti kwenye bomba la kromu, usogeze chini hadi kwenye sili, tembea njia yako ya kawaida siku nzima. Jioni tazama umesukumwa hadi wapi. Ukibaki na vidole viwili kabla ya mwisho, mbele yako haina deni. Ukifika mwisho kila siku bila kuanguka shimoni, ongelea springi.

Ukishafunga mpya, anza na namba iliyo chini ya ile uliyozoea, pima tena kwa futi ile ile, na ukaze nati zote baada ya siku mbili tatu za kwanza, kwa kuwa bushi mpya hukaa na kuacha nafasi. Kama pikipiki ni ya mkataba, mwambie bosi kabla ya kufungua boliti hata moja, na shokapu za zamani ziweke nyumbani. Siku ya kukabidhi anaweza kuzidai.